Meli ambayo Japani haikuiunda



Majuma machache yaliyopita nilipozungumza juu ya Vita vya Pili vya Dunia katika Bahari ya Hindi, sikudhani kwamba maneno yangu yangemkosesha mtu usingizi. Kumbe yalimkosesha. Jumapili asubuhi alinijia nyumbani kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mombasa, akiwa na karatasi kubwa ya kuchorea iliyokunjwa mara nane. Baada ya shikamoo na marahaba akaitandaza juu ya meza, akaweka kikombe cha chai pembe hii na kopo la sukari pembe ile ili isijikunje. Ilikuwa picha ya manowari. "Mzee," akaniambia, "hii ni destroya ya Kijapani ambayo Wajapani hawakuiunda. Nimeiunda mimi. Naomba uniambie, wangekuwa na hii mwaka 1941, wangeshinda vita?"

Nikavaa miwani. Ilikuwa na mizinga 10, mirija ya topido 16, na mwendo wake, aliouandika kwa wino mwekundu, ulikuwa maili 40 za baharini kwa saa. Mistari imenyooka, mlingoti umesimama sawasawa, hata bendera ameipaka rangi. Nilimsifu kwa mkono wake, maana mkono anao. Kisha nikamwambia kwamba meli hiyo, kasoro kidogo tu, Wajapani waliiunda.

Iliitwa Shimakaze, yaani upepo wa kisiwani. Ilikamilika mwaka 1943. Ilibeba mirija 15 ya topido na mizinga sita, na katika majaribio ilikimbia karibu maili 41 kwa saa. Japani ilikusudia kuunda nyingine 16 za namna hiyo, ikashindwa, ikabaki hiyo moja kama mtoto wa pekee. Tarehe 11 Novemba 1944 ilikuwa ikisindikiza meli zilizobeba askari kwenda Ormoc, katika Ufilipino, ndege za Marekani zikaikuta na kuizamisha. Mirija yake 15 haikuwa na la kuzifanya ndege. Mwendo wake nao haukuwa kitu mbele ya chombo kinachoruka.

Kijana akanyamaza kidogo. Akauliza, "Basi ningechora nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo. Naomba wasikilizaji wasioona maana ya kuzungumzia meli za kubuni wanivumilie, kwa sababu mwisho wa safari tutafika hapahapa Kilindini.

Kwanza tujue tunazungumzia chombo gani. Destroya ni manowari ndogo, nyembamba, yenye mbio. Haina chuma kinene cha kuikinga. Kinga yake ni kukwepa. Kazi yake ya asili ilikuwa kuzilinda manowari kubwa zisipigwe topido, na yenyewe kuzipiga topido manowari kubwa za adui. Baadaye nyambizi zilipoingia baharini, destroya ikapewa kazi ya pili, nayo ni kusindikiza meli za mizigo na za abiria na kuziwinda nyambizi kwa mapipa ya baruti yanayotupwa majini na kulipukia chini. Mapipa hayo nitayaita mabomu ya kina.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa Keya na aliyevuka bahari mwaka 1943 kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye Burma, alitueleza kazi hiyo ya pili kwa namna ambayo sijaisahau. Tulikuwa watoto, tumekaa barazani. Alisema meli yao kubwa ilikwenda polepole kama ng'ombe aliyeshiba, na pembeni zilikuwako meli ndogo mbili za kijivu zisizotulia. Mara mbele, mara nyuma, mara zinakata kushoto. "Kama mbwa wa mchungaji," alisema. Usiku walipolala sitahani kwa joto, askari waliamka kuangalia kama mbwa wangali wapo. Asubuhi hata kabla ya chai walihesabu tena: moja, mbili. Hapo ndipo moyo uliporudi mahali pake.

Sasa, ndugu msikilizaji, jeshi la majini la Japani lilikuwa na mbwa wazuri kuliko taifa lolote, lakini liliwafundisha kuwinda simba tu. Ng'ombe hawakuwa na mlinzi.

Sababu yake inaeleweka. Katika mkataba wa Washington wa mwaka 1922, Uingereza, Marekani na Japani zilikubaliana kwamba kwa manowari kubwa wapewe tano, tano na tatu. Japani, iliyopata tatu, ilijiuliza: tutawezaje kumshinda mwenye tano? Wakuu wake wakajibu kwamba adui atakuja kutoka mbali kuvuka Bahari ya Pasifiki, nasi tutampunguza njiani, usiku, kwa topido, mpaka atakapofika nyumbani kwetu awe amebaki na tatu au pungufu. Ndipo tutakapopigana naye vita kimoja kikubwa cha kumaliza maneno. Kila meli waliyoiunda tangu hapo ilikuwa mtumwa wa fikira hiyo.

Mwaka 1928 wakatoa Fubuki. Dunia ilishtuka. Mizinga sita ya milimita 127 ndani ya vibanda vya chuma, wakati mataifa mengine mizinga yao ya destroya ilikaa wazi na wapigaji wakilowa mvua. Mirija tisa ya topido. Mwendo wa maili 38. Baadaye wakatengeneza topido iendeshwayo kwa oksijeni safi, yenye baruti ya kilo 490, inayokwenda kilometa 20 kwa mwendo wa maili 48 kwa saa na kuacha nyuma yake mapovu kidogo sana. Topido za destroya za Marekani, kwa mwendo unaokaribia huo, hazikufika hata theluthi ya masafa hayo. Ufundi huo siwezi kuubeza. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, destroya nane za Japani zikiongozwa na Admeri Tanaka zilishtukizwa na kikosi cha Marekani chenye kruza tano. Japani ilipoteza destroya moja. Marekani ilizamishiwa kruza moja na nyingine tatu zikavunjwavunjwa.

Lakini hebu tuulize destroya hizo nane zilikuwa zinafanya nini pale. Zilikuwa zimebeba mapipa ya chakula! Wajapani walikuwa na maelfu ya askari wanaokufa njaa kisiwani, na meli za kawaida za mizigo hazikuweza tena kufika kwa sababu ya ndege. Basi manowari zilizoundwa kwa gharama kubwa ili kuwinda simba zikafanywa punda, usiku kwa usiku, na mabaharia wake wenyewe wakaiita kazi hiyo uchukuzi wa panya. Mpaka kampeni ya Guadalcanal ilipokwisha, Februari 1943, Japani ilikuwa imepoteza destroya 11 katika maji yale. Aina ya Kagero, fahari ya jeshi lao, ziliundwa 19. Baada ya vita ilibaki moja, Yukikaze. Aina ya Yugumo iliyofuata ziliundwa nazo 19. Hakuna iliyobaki.

Mwanangu yule fundi alipenda kujua zilikufaje. Nikamwambia, nyingi zilikufa kwa sababu ambayo fundi wa chuma ataielewa upesi. Ndani ya Kagero mitungi ya mvuke ilipangwa pamoja, vyumba vitatu vinafuatana, kisha injini zote mbili zinafuata ubavu kwa ubavu. Topido moja ikiingia katikati, au bomu moja tu likianguka karibu, maji yanaingia kwenye injini zote mbili kwa mpigo. Meli haikuzama papo hapo, ilisimama. Na meli iliyosimama mbele ya ndege ni jeneza linalongoja msumari. Tena mizinga yake ya milimita 127, mizuri sana kwa kupiga meli nyingine, haikuweza kuinuka ikaelekea juu kabisa. Ndege ikija kutoka utosini, mizinga inaitazama tu.

Basi tukavuta karatasi mpya, mimi na yeye. Tuseme ni mwaka 1939, Japani inapanga awamu yake ya nne ya kuunda manowari, na wewe na mimi tumepewa kalamu.

Kitu cha kwanza nilichokipunguza ni mwendo, na hapo tulibishana karibu nusu saa. Vijana wanapenda mbio. Lakini mbio za majini zina bei ya ajabu. Gari ukilizidishia nguvu kidogo litakwenda kasi kidogo, meli sivyo. Ukitaka iende mara mbili ya mwendo wake, nguvu ya injini inatakiwa iwe mara nane hivi. Kagero ilihitaji nguvu ya farasi 52,000 kwenda maili 35. Ukiridhika na maili 28 katika chombo kidogo zaidi, farasi 19,000 wanatosha. Hayo maili saba ya mwisho yanakula farasi 33,000, pamoja na mitungi, mabomba, mafuta na mafundi wa kuyaangalia. Na meli ya mizigo unayoilinda inakwenda maili tisa au kumi! Huhitaji duma kumlinda ng'ombe.

Kitu cha pili, tuzitenganishe injini. Chumba cha mitungi, chumba cha injini, kisha chumba kingine cha mitungi na chumba kingine cha injini. Ukipigwa mbele, nyuma inakufikisha nyumbani. Wamarekani walikwisha kuanza kufanya hivyo kabla ya vita. Kitu cha tatu, mizinga mitatu au minne tu, lakini iwe ile inayoweza kutazama mbinguni. Kitu cha nne, topido nne badala ya kumi na sita, na nafasi iliyobaki ijazwe mabomu ya kina. Kitu cha tano kilimfurahisha fundi wangu: umbo liwe la mistari iliyonyooka, chuma kiwe cha kawaida, na viungo vichomelewe badala ya kupigwa ribiti, ili hata karakana ndogo iweze kuiunda. Wajapani waliogopa kuchomelea, na hawakuogopa bure. Septemba 1935 kikosi chao kilikutwa na tufani katikati ya mazoezi, destroya mbili zikakatika pua kabisa. Baada ya mkasa huo wakaimarisha meli zao, na walikuwa sahihi. Ila walijifunza somo la woga wa kuchomelea pamoja na somo la uimara, na hilo la kwanza liliwapotezea miaka.

Tulipomaliza nikamwonyesha kitu. Meli tuliyoichora, kwa mara ya pili asubuhi ile, Wajapani waliiunda. Ni aina ya Matsu, maana yake msonobari. Ndugu zake waliitwa mwanzi, mpichi na majina mengine ya miti. Tani 1,262, nguvu ya farasi 19,000, maili 27.8 kwa saa, mizinga mitatu ya kupiga ndege na meli, mirija minne ya topido, mabomu ya kina 36, injini zimetenganishwa kama tulivyosema. Ya kwanza iliwekwa msingi Agosti 1943 ikamalizika Aprili 1944, miezi minane na siku kadhaa. Baadaye walizitoa kwa miezi mitano hivi. Linganisha na Kagero, iliyoanzwa Septemba 1937 na kukamilika Novemba 1939. Na usidhani ilikuwa meli ya maskini isiyojua kupigana. Desemba 1944, pale pale Ormoc, mojawapo iitwayo Take iliipiga topido destroya ya Marekani iitwayo Cooper, ikakatika vipande viwili na kuzama katika muda wa dakika moja hivi.

Ziliundwa 32. Zilichelewa.

Kwa hiyo ile historia ya kubuni aliyoitaka kijana haihitaji silaha ya miujiza. Inahitaji Matsu ya mwaka 1944 ihamishiwe mwaka 1940. Hilo tu. Na hesabu yake inavutia, maana tuliifanya palepale kwa penseli. Chuma cha Yugumo 19, kwa uzito wake mtupu, kingetoa Matsu 31. Injini zake, kwa nguvu ya farasi, zingetosha Matsu 52. Ukweli ungekuwa katikati, tuseme 40. Japani iliingia vitani na meli nne tu zilizoundwa mahsusi kwa ulinzi wa aina hiyo, na hizo zilikusudiwa kulinda wavuvi wake wa kaskazini.

Je, meli 40 zingefanya nini? Hapa ndipo nilipomwambia kijana asikimbilie kushangilia, lakini pia asikate tamaa mapema, kwa sababu upo mlango mmoja uliokuwa wazi. Japani ni visiwa. Mafuta ilikuwa ikiyanunua zaidi Marekani, na Marekani ikayafunga katikati ya mwaka 1941. Ikaenda kuyateka Borneo na Sumatra. Lakini mafuta ya Sumatra hayafiki Tokyo kwa miguu. Yanahitaji meli, na Japani ilianza vita ikiwa na tani milioni sita hivi za meli za biashara. Nyambizi za Marekani zilizamisha tani milioni 4.8 za meli hizo. Walakini, mpaka Septemba 1943 nyambizi hizo zilikuwa na ugonjwa: topido zao mbovu. Nyingine zilipita chini mno, nyingine zililipuka kabla ya kufika, nyingine zilimgonga adui kwa kishindo kama mlango unavyobishwa na hazikulipuka. Hiyo ni miezi 21. Mlinzi aliye macho katika miezi hiyo 21 angeweza kuwaua makapteni wengi hodari wa nyambizi kabla hawajapata silaha nzuri.

Badala yake, mambo yalikuwaje? Mabomu ya kina ya Wajapani yalitegwa yalipuke mahali pasipo na kina cha kutosha, nyambizi zikapita chini yake salama. Wamarekani walilijua jambo hilo wakanyamaza, mpaka Juni 1943, mbunge wao mmoja, Andrew May, aliporudi kutoka ziara ya vikosi akawaambia waandishi wa habari. Magazeti yakachapa. Admeri Lockwood, mkuu wa nyambizi za Pasifiki, alidai baadaye kwamba ulimi huo uligharimu nyambizi 10 na mabaharia 800. Sijui kama hesabu ya Lockwood ilitoka kwenye daftari au kwenye hasira, lakini nimekuwa nikiwafikiria wabunge kwa jicho lingine tangu nisome habari hiyo.

Kisha kuna jambo la vichwa. Amri moja ya kusimamia ulinzi wa meli za biashara, Japani iliiunda tarehe 15 Novemba 1943. Miaka miwili kasoro majuma matatu tangu vita kuanza! Ofisa mmoja wa amri hiyo, Kapteni Oi Atsushi, aliandika baada ya vita kueleza jinsi kazi ya kusindikiza ilivyodharauliwa. Kijana aliyetoka chuo cha majini alitaka kuamuru topido usiku, si kukaa kando ya meli ya makaa ya mawe ikitoa moshi. Sasa mpe mtu huyo Matsu 40 mwaka 1941. Atazipeleka wapi? Mimi naamini angezipeleka Guadalcanal, zikabebe mapipa.

Kijana hakukubali. Akasema, "Mzee, wewe umesema tubadilishe historia. Basi badilisha na vichwa." Nikakubali, maana ni haki yake. Tukabadilisha vichwa. Msafara umepangwa vizuri, Matsu mbili mbele, moja nyuma, meli 12 za mafuta katikati, zinatoka Singapore kwenda Japani. Kapteni wa msafara, mtu mwangalifu, anatuma taarifa kwa redio ya siri akisema saa fulani atakuwa mahali fulani.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo tunapofika nyumbani.

Aprili 1942 manowari za Japani zenye kubeba ndege zilipiga Colombo na Trincomalee na kuzamisha manowari kadhaa za Uingereza, ikiwamo Hermes. Admeri Somerville akaona Ceylon si mahali pa kukaa, kikosi chake kikarudi nyuma mpaka Kilindini. Pamoja na manowari walikuja watu wengine wasiobeba bunduki, wakapewa shule ya Allidina Visram, hapa Mombasa, ile inayotazama bahari. Wanafunzi walihamishwa. Madarasani wakaingia wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Japani. Kazi yao ilikuwa ngumu, redio zilisikika vibaya kwa sababu ya umbali. Lakini Septemba 1942 Mjapani mmoja mahali fulani alifanya kosa katika kutuma taarifa, na kutokana na kosa hilo watu wawili katika shule ile, John MacInnes na Brian Townend, wakaipata njia. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma maandishi ya siri yaliyotumiwa na meli za biashara za Japani, ya zamani na yale yaliyoingia siku hiyo.

Tafakari hilo. Msafara wetu wa kubuni, wenye meli zetu nzuri za kubuni, injini zimetenganishwa na mabomu yamejaa, umetaja mahali utakapokuwa. Na taarifa hiyo inasomwa katika darasa la shule ya Mombasa. Nyambizi inakwenda kungoja pale pale. Hakuna mchoro wa meli unaoziba tundu hilo. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba amepita mbele ya shule hiyo mara mia na hakuna aliyemwambia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao sikuweza kuuacha, ingawa ni mzito. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake, pamoja na wauguzi na mabaharia, walikuwamo watu wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu elfu moja. Miongoni mwa meli zilizowasindikiza ilikuwamo kruza moja ya zamani. Destroya mbili, Petard na Paladin, ziliungana nao kabla ya hatari. Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani nambari I-27 ilipenya katikati yao ikaipiga Khedive Ismail topido mbili. Ilizama chini ya dakika tatu. Waliokufa ni 1,297.

Nyambizi ile ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Nahodha wa Petard alijua. Alikuwa na msafara mwingine wa kulinda, meli nne zenye maelfu ya watu, na alikuwa na watu majini mbele ya macho yake wanaopunga mikono. Alitupa mabomu ya kina. Nyambizi ilipanda juu, Paladin ikaigonga na kujiumiza yenyewe, na mwishowe Petard ikaimaliza kwa topido, baada ya nyingine kadhaa kukosa. Watu waliookolewa walizidi mia mbili kidogo.

Mjomba wangu alikuwa tayari Ceylon. Alikuwa na rafiki katika kikosi kile, mtu waliyetoka naye kijiji kimoja, aliyekuwa akingojewa na viatu vyake alivyoviacha kwa mjomba avitunze. Walingoja meli ifike. Hawakuambiwa kitu kwa majuma kadhaa. Viatu vile mjomba alivivaa Burma.

Kwa hiyo nikiulizwa kama natamani Japani ingekuwa na mbwa wazuri zaidi wa mchungaji, na labda Japani hiyo ya kubuni ingewaza pia kuzipeleka nyambizi zake nyingi zaidi kwenye njia ya Mombasa na Colombo, naona viatu vile. Najua wapo wazee wetu waliofurahi waliposikia Mwingereza amepigwa Singapore. Mwaka 1905 pia, Japani ilipoizamisha meli za Urusi kule Tsushima, wengi waliotawaliwa na wazungu walishangilia moyoni. Siwalaumu. Lakini reli ya Burma iliua makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia, Watamili, Waburma na Wamalai, chini ya bwana huyohuyo aliyekuja kuwakomboa. Ushindi wa kuchelewesha ungewachelewesha na wao.

Nadhani meli 40 zingechelewesha. Mafuta mengi zaidi yangefika Japani mwaka 1943, labda na 1944. Zisingeshinda. Marekani peke yake, kwa aina moja tu ya destroya iitwayo Fletcher, iliunda 175, wakati Japani kwa vita vyote, tangu Desemba 1941, ilikamilisha destroya 63 za kila aina.

Kijana nilimrudishia karatasi yake zote mbili. Juu ya ile ya kwanza nimeandika kwa penseli pembeni: punguza topido, inua mizinga, tenganisha injini, acha nafasi ya rada. Juzi amenipigia simu. Amebadilisha yote, isipokuwa mwendo. Maili 40, anasema, haziachi.